Chaga za Mvule

Mchwa wa Kitswamba hawana pupa. Huupaka mti udongo kwanza, wakaingia kwa chini, wakala moyo wake na kuacha ganda la kudanganya jicho. Ndivyo walivyoyafanya mataruma ya reli ya baba watoto, ile aliyowajengea wanawe kutoka mlango wa jiko hadi chini ya mwembe. Reli ni vyuma bapa, nafasi kati yake sentimita 10, kwa kuwa ile ya kweli, iliyofika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, ilikuwa ya mita moja. Hesabu hiyo humfurahisha mno. Nilimkumbusha kwamba wenye reli za huku walitumia mataruma ya chuma, mchwa wakiwa sababu mojawapo. Akasema treni isiyopita juu ya mbao haina mlio.

Basi ukawekwa mkaratusi, mchwa wakaalikana. Jioni moja behewa lililombebea mama mkwe chai likatumbukia njiani, chai yote ikaishia kwenye kitenge chake.

Dawa ya dukani ingemaliza maneno, ila kichuguu cha nyuma ya nyumba kina mwenyewe. Mvua zikianza, mama mkwe hutega taa na karai la maji, akavuna kumbikumbi. Wakikaangwa na chumvi kidogo, huwezi kuonja ukaacha. Nani atakula waliotoka penye sumu?

“Mchwa wangu wamekukosea nini?” alimuuliza mwanawe. “Si wewe uliyewapelekea chakula?”

Ikaja oili chafu ya gereji. Mataruma yalipakwa, na sare za shule zikapakwa, na jogoo mweupe naye hakusalimika. Sabuni niliyomaliza wiki ile afadhali nisiitaje.

Kisha ghafla reli ikapata mataruma mapya, mekundu ya kahawia, mazito, yamekatwa sawasawa. Mvule! Mchwa waliyazunguka wakaenda zao. Baba watoto alitembea uani kama meneja wa stesheni, na kila nilipouliza mbao zimetoka wapi, alikumbuka kazi shambani.

Jumamosi akaja wifi kutoka Bwera na samaki wa Ziwa Edward. Wifi amejaaliwa mwili. Tulimtandikia chumba cha wageni, na usiku wa manane tukasikia kishindo. Tulimkuta godoro limegusa sakafu, miguu juu, anamtaja Yesu na kaka yake kwa sauti moja. Mama mkwe akamulika tochi chini: zimebaki chaga mbili, ya kichwani na ya miguuni.

Asubuhi aliipita reli nzima ameinama, akigusa taruma baada ya taruma.

“Kitanda hiki marehemu baba yako alikinunua kwa bei ya ng'ombe.”

Alimtoza mbuzi mmoja, aliwe na wifi. Mataruma akaamuru yabaki, maana yameshatobolewa misumari.

Sasa watoto wanataka reli ifike kwenye banda la kuku. Jana nilimkuta baba yao chumbani kwetu, tepu mkononi, amepiga magoti kando ya kitanda, na hakuwa anasali. Nimefunga mlango. Ufunguo ninao mimi.