Ombi la Kazi ya Waya

Kwa Afisa Mkuu wa Kuunganisha Sistimu za Serikali,
(Cheo kiko wazi),
Nairobi.

Mheshimiwa utakayeteuliwa,

MINT: OMBI LA KUAJIRIWA KAMA WAYA

Nimengoja cheo chako kitangazwe gazetini mpaka nimechoka, nikaona heri nitangulize ombi langu kabla ya foleni. Wewe utakuja kuunganisha sistimu za serikali. Mimi ndiye ninayeziunganisha sasa hivi, kwa miguu, bila mshahara. Naomba niajiriwe rasmi kama waya. Si fundi wa waya, Mheshimiwa. Waya wenyewe.

Mimi ni mnunuzi wa ndengu. Mavuno yakifika nazunguka Mutomo na Ikutha huku Kitui, napima magunia, halafu natafuta lori la kuvuka Mto Athi kuingia Makueni, litokee Kibwezi, lishike barabara ya Mombasa. Njia hiyo ina lami siku hizi, na daraja la mto halina neno: lori hulivuka kabla dereva hajabadilisha wimbo. Makaratasi ya lori ndiyo hayavuki.

Nikupe kisa cha siku moja. Ofisi yenyewe siitaji, maana nikiitaja itanidai barua ya utambulisho. Nilikuwa nimelipa sesi ya magunia 60 kwa simu. Pesa zikatoka, ujumbe ukaingia. Pale kaunta palikuwa na karani mmoja na kompyuta mbili. Ya kulia ilikuwa mpya, nyembamba, ina programu ambayo waliniambia iko winguni. Ya kushoto ilikuwa ile ya zamani yenye mgongo, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya nyanya yangu, na ndiyo peke yake inayotoa karatasi ambayo askari wa kizuizini anaikubali. Malipo yangu yalionekana kulia. Kushoto nilikuwa sijazaliwa.

Karani akachukua kalamu. Akasoma kioo cha kulia, akaandika ile namba ya muamala, herufi na tarakimu kumi, kwenye kiganja cha mkono wake wa kushoto. Akageuza kiti. Akaanza kuichapa upande wa pili kwa kidole kimoja, huku kiganja kikitoa jasho. Kati ya kompyuta na kompyuta ni futi mbili tu, lakini katika safari hiyo herufi O ikageuka sifuri.

"Hauko kwa sistimu, mwaitu," akaniambia kwa upole.

"Si niko hapa mbele yako, mwanangu?"

"Naona. Lakini hauko."

Basi nikaenda saiba nikachapisha ujumbe wa simu, nikautoa fotokopi, nikaupeleka kaunta namba 4 ukapigwa mhuri, nikaurudisha kaunta namba 2. Nilianza saa tatu asubuhi na nikamaliza saa tisa, na lori wakati wote limesimama juani na dereva ananihesabia kila saa. Karatasi ilipotoka hatimaye, jina la biashara yangu, ambalo linaishia kwa "na Wanawe", lilikuwa limekatwa. Mtambo wa zamani una nafasi ya herufi 20, na wanangu walianzia ya 21. Nikafika kizuizini nikiwa tasa. Askari akalinganisha leseni yenye watoto na risiti isiyo na watoto, akaniuliza mimi ni yupi kati ya hao wawili.

Baadaye nimeelezwa na kijana wa saiba kwamba ile kazi niliyoifanya siku nzima ina jina lake mjini na watu hulipwa vizuri kwa kuifanya. Unaweka programu ya katikati. Malipo yakiingia upande mmoja, inayaona, inayapa umbo ambalo upande wa pili unalielewa, inayaandika huko na kurudi na jibu. Jina refu inalihifadhi kamili mahali pake na kumpa mzee wa kushoto kipande anachoweza kumeza. Kitu kikikataliwa, inampigia karani kelele palepale badala ya kunyamaza hadi mimi nifike na lori. Na kama mtambo wa zamani hauna mlango wa kuingilia programu nyingine, kuna roboti ya kufungua kioo chake na kuchapa vilevile kama karani, ila haina kiganja. Kijana alinionya kwamba roboti hiyo ni dhaifu, mtu akihamisha kitufe kimoja inapotea kama mgeni sokoni, lakini angalau haichanganyi O na sifuri.

Usiniambie hayo ni ya Ulaya. Safaricom walifungua mlango wa M-Pesa kwa programu za watu wengine, na jina walilolichagua mwaka 2017 ni Daraja. Jina la Kiswahili, Mheshimiwa, halihitaji mkalimani. Watoza kodi wa KRA nao katika eTIMS, mtambo wao wa ankara, wameacha njia ya programu ya mfanyabiashara kutuma ankara moja kwa moja, na sisi wenye simu za kabambe tukaachiwa *222#. Ukipenda Ulaya vilevile, Estonia wana X-Road tangu 2001, ambayo ofisi moja huitumia kuiuliza ofisi nyingine bila kumtuma mwananchi fotokopi.

Kwa hivyo daraja linajengeka. Kinachotushinda ni kwamba kila mkubwa akija anazaa sistimu yake na hataki kulea ya aliyemtangulia. Mabaraza ya zamani yalikuwa na mtambo wao wa fedha, LAIFOMS. Tangu 2003 kuna IFMIS ya fedha za serikali. Kaunti zikaja 2013 zikarithi kompyuta, madeni na vitabu vya risiti. e-Citizen ya huduma za serikali mtandaoni ikaja 2014. Katika mishahara kulikuwa na mtambo wa IPPD, na kando yake kaunti kadhaa zilikuwa na orodha nyingine ya mkono ambayo wakaguzi waliilalamikia mwaka nenda mwaka rudi. Mwaka 2016 Makueni ilianzisha mpango wake wa afya, MakueniCare, shilingi 500 kwa familia kwa mwaka. Tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikachukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya zamani, kwa nchi nzima. Shangazi yangu wa mji wa Wote, Makueni, amepita mipango yote hiyo na goti lake ni lilelile. Ila kila mpango ukija lazima ajiandikishe upya, goti likisimama foleni pamoja naye. Na huo mtambo mpya wa afya, wa shilingi bilioni 104.8, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alisema mwaka 2025 kwamba si mali ya serikali. Ni wa kukodi, kama viti vya harusi.

Sasa kuhusu hili wingu. Mheshimiwa, wewe huenda ulisomea wingu chuoni. Sisi wa Kitui tulizaliwa tukilitazama. Mvua ya Machi inatudanganya mara kwa mara, ya Oktoba ndiyo tunayoipandia ndengu, na hata hiyo hatuipandii kwa sababu tumeona wingu. Tumeona mawingu mazito, meusi, yenye ahadi zote, yakipita juu ya Mutomo bila kusalimia. Mtu akisimama jukwaani na kusema data zetu zote zimepelekwa winguni, mzee wa huku anauliza swali moja tu: zitanyesha wapi?

Ndiyo maana sitaki uutupe ule mtambo wa kushoto. Najua utashawishiwa. Atakuja mtu wa suti na kukuonyesha picha zenye mishale, na kila mshale utaanza kwa kuzika kitu. Julai 2023 e-Citizen iliposhambuliwa na wadukuzi, nchi nzima ilijifunza maana ya kuweka mayai yote kwenye kikapu kimoja. Yule mzee wa kitambaa cha kufuma ni mkaidi, anakata watoto wa watu, lakini umeme ukirudi anaamka na anakumbuka nani alilipa mwaka gani. Mpe mlango, usimpe jeneza. Huku Ukambani tuna mwethya: watu wanakwenda kulima matuta ya shamba la jirani mmoja leo na la mwingine kesho, na hakuna anayeulizwa jembe lake ni la mwaka gani. Sistimu zako hazijawahi kwenda mwethya. Kila moja inalima kwake na kufunga lango, halafu inanituma mimi nikaombe mbegu.

Sifa zangu za kazi ni hizi. Nina uzoefu wa kurithi: karne ya 19 Kivoi wa Kitui alipeleka misafara ya pembe za ndovu hadi pwani, na Wakamba tukajulikana kwa kubeba mizigo ya mbali. Mimi nabeba fotokopi. Safari ni fupi lakini kungoja ni kurefu kuliko kwake. Nasoma mwandiko wa makarani wanne tofauti. Sihitaji chaji, nahitaji chai. Nikikatika, ninajiunga mwenyewe.

Masharti yangu ni mepesi. Nilipwe kwa kila tarakimu ninayoivusha, na nauli ya bodaboda kati ya kaunta na saiba, na malipo ya lori likisimama zaidi ya saa moja. Wanangu warudishwe kwenye risiti. Na siku utakapoweka programu ya kufanya kazi hii, sitagoma wala sitaenda mahakamani. Nitakuachia cheo changu siku hiyohiyo, nirudi kupima ndengu.

Ombi hili nimelituma kwenye tovuti jana usiku, na likapokelewa. Leo asubuhi nimekuja kulifuatilia. Karani amelitafuta kulia, akaliona. Akalitafuta kushoto, akanitazama kwa huruma. Ameniambia nilichapishe, nitoe fotokopi mbili, niambatanishe na kitambulisho, nilete kaunta namba 4.

Niko njiani.

Wako mtiifu,
Mnunuzi wa ndengu (na Wanawe),
Mutomo.