Barua ya Wazi kwa Shirika la Biashara Duniani Kuhusu Robota Lisilofunguliwa

Kwa Shirika la Biashara Duniani, Geneva

Haki ya mavazi imetajwa wazi katika kifungu cha 25 cha Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, ubavuni mwa chakula na makazi. Katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, haki hiyo hupimwa kwa kilo. Hufika soko la Gikomba ikiwa robota la mitumba la kilo 45, limekazwa kwa mikanda ya plastiki, na kanuni ya soko ni moja: lipa kwanza, ndipo ukate mkanda. Ndani huenda mkawa na jinzi zitakazogombaniwa Buruburu. Huenda mkawa na makoti ya kuteleza thelujini. Likishafunguliwa, halirudi.

Shirika linastahili pongezi kwa kuona kwamba utaratibu unaomfaa mama wa Gikomba unaweza kulifaa taifa zima. Kenya ni mwanachama tangu siku ya kwanza, 1 Januari 1995. Soko lake lilikuwa limeshafunguliwa miaka michache kabla, kwa masharti ya wakopeshaji, na viwanda kama Kicomi cha Kisumu na Rivatex cha Eldoret vikaanguka. Fundi aliyepoteza kazi alipata uhuru ambao hakuwahi kuwa nao: kuuza nguo zilizoshonwa na watu asiowajua, zikavaliwa na wengine asiowajua.

Desemba 2015 mawaziri wa nchi wanachama wa Shirika walikutana katika ukumbi wa KICC, Nairobi, mkutano wa kwanza wa aina hiyo barani Afrika, wakakubaliana kuondoa ruzuku za kuuza mazao ya kilimo nje. Haki isemwe: hiyo ilikuwa kamera, kama wanavyoita Gikomba nguo za kwanza kuchaguliwa.

Miezi mitatu baadaye viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuachana na mitumba ndani ya miaka mitatu. Mwaka 2017 chama cha wauza nguo kuukuu cha Marekani kikalalamika. AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyoingiza nguo za viwanda vya Athi River, Kenya, kule bila ushuru, na ambayo Shirika liliipa kibali maalumu, iliitaka nchi isivunje vibaya haki za binadamu. Iliitaka pia iondoe vizuizi dhidi ya biashara ya Marekani. Masharti hayo yamo katika orodha moja, kwa hiyo kumtesa mfungwa na kukataa shati kuukuu ni majirani. Kenya ilihesabu ajira za Athi River, ikagundua mapema kwamba mitumba haina ubaya. Rwanda ilishikilia ushuru wake wa mitumba, na Julai 2018 nguo zake zikapoteza msamaha wa AGOA.

Wala kulikataa robota si dawa nyepesi. Kati ya Machi na Agosti 2020 Kenya ililipiga marufuku kwa hofu ya korona, na walioumia ni wachuuzi wenyewe, mafundi wa cherehani wanaopunguza viuno vya suruali, na wabeba mizigo.

Kinachobaki baada ya kamera na baada ya bei ya shilingi hamsini huitwa fagia. Kisichopata mnunuzi hata hapo huelekea Dandora, mtaa uliojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia miaka ya 1970, penye jaa lililotangazwa kujaa mwaka 2001 na ambalo, tofauti na Rwanda, halijawahi kukataa mzigo.