Masurufu ya Tunduma

Mtu akitumwa Songwe, kwanza aulize ni Songwe ipi. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na makao makuu yake yako Vwawa, wilayani Mbozi. Wilaya ya Songwe nayo ipo, ila makao yake ni Mkwajuni, huko kwenye dhahabu. Kuna Mto Songwe unaotutenganisha na Malawi kule Ileje kabla ya kuingia Ziwa Nyasa, na kuna mto mwingine wa jina hilohilo unaoelekea Ziwa Rukwa. Halafu kuna Uwanja wa Ndege wa Songwe, ulioanza kupokea abiria mwishoni mwa 2012, mkoa ukiwa bado haujazaliwa. Huo hauko Songwe. Uko Mbeya.

Mhasibu mmoja wa Dar es Salaam alishuka uwanjani hapo akampigia mkewe simu kwamba amefika Songwe salama. Dereva wa teksi, kwa adabu ya watu wa huko, alimwacha amalize kuzungumza.

"Bado, bosi," akamwambia. "Hapa ni Mbeya. Tunduma ni mwendo wa saa moja na nusu, malori yakituruhusu."

Boksi lake la nyaraka, lililotangulizwa kwa basi likiwa limeandikwa "SONGWE" kwa kalamu nene, lilikuwa limeshafikishwa Mkwajuni na mtu mwaminifu aliyejua kusoma.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kupitia vitabu vya ofisi moja Vwawa na nyingine Tunduma. Alipewa masurufu ya kutosha, na kwenye masurufu kuna kurejesha. Kila shilingi iwe na risiti, na kila risiti iwe na tarehe na saa. Wenzake ofisini walimshauri asijifungie gesti, azunguke mji, aone migahawa, baa na vivutio. Ushauri huo ulitolewa na watu ambao hawajawahi kukaa Tunduma.

Si kwamba Tunduma haina mji. Sensa ya 2012 haikupata watu laki moja pale, na ile ya 2022 ikawakuta wamepita laki mbili. Ila katikati ya mji huo ni barabara kuu ya kwenda Zambia, na katikati ya barabara kuu ni malori. Yanayokwenda yamebeba mafuta, salfa na makontena. Yanayorudi kutoka Zambia na Kongo yamebeba shaba, mabamba yaliyofungwa kwa mikanda na kupakiwa chini tu kwenye tela, kiasi kwamba mgeni hudhani gari linapita tupu. Anayetaka kutoka mgahawa wa upande huu aende baa ya upande ule hupita mbele ya kichwa cha lori au nyuma ya tela, akiomba dereva awe bado analala. Mara nyingi analala kweli, maana foleni ndiyo nyumba yake ya pili. Amepika chai kwenye jiko la gesi pembeni ya tairi na kaptula imeanikwa kwenye kioo cha pembeni.

Hao ndio wenye mji, na Tunduma usipoitazama kupitia kwao huielewi. Karibu kila mgahawa, grosari na gesti ya pale imejengwa kwa ajili ya mtu anayesubiri karatasi zake zipite. Ndiyo maana supu ipo usiku wa manane na kinyozi yuko wazi saa tano za usiku. Ndiyo maana pia muziki hubadilika meza hadi meza: Bongo Fleva upande huu, bolingo upande ule, na katikati jamaa wa Lubumbashi anayezungumza Kiswahili ambacho mtu wa Dar hukielewa baada ya kukaa nacho kidogo.

Mhasibu alipata chumba gesti iliyo karibu na mpaka, kisafi, chenye blanketi mbili. Blanketi hizo hazikuwa mapambo. Ilikuwa Juni, na eneo hilo liko zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari. Akatega simu imwamshe saa kumi na mbili, awahi kikao cha saa mbili Vwawa. Simu ikalia, akaoga kwa ndoo ya maji ya moto, akavaa tai na kutoka taratibu kama mtu mwenye muda wake. Mlangoni akamkuta mama mwenye gesti amejifunga vitenge viwili, anafagia.

"Baba, hujaenda tu kazini?"

"Si ndiyo kwanza saa kumi na mbili na nusu, mama?"

"Ya Zambia hiyo. Sisi hapa ni saa moja na nusu."

Tanzania iko saa tatu mbele ya saa za Greenwich, Zambia saa mbili. Ng'ambo ya barabara ni Nakonde, na minara ya Nakonde haijui mpaka. Simu inayojirekebisha yenyewe hushika mnara wa Zambia usiku, inarudi nyuma saa nzima, asubuhi ikijisikia inarudi Tanzania. Mama yule alikuwa na saa ya ukutani ya betri mapokezi, chini yake pameandikwa kwa chokaa: HII NDIYO YA HAPA. Mhasibu alikuwa amepita mbele yake jana yake akadhani ni tangazo la biashara. Kikao cha Vwawa alikikuta kwenye "mengineyo".

Jioni akaenda baa.

Mhudumu akamuuliza swali ambalo kila mnywaji Mtanzania analijua: "Ya moto au ya baridi?" Dar swali hilo huwa halipo, joto limeshamjibia. Akasema ya baridi, kwa mazoea, akaja kugundua amekosea kwa namna ambayo hakuitarajia. Tunduma mwezi Juni bia ya moto, yaani iliyokaa tu kwenye kreti, ni baridi kuliko ile inayotoka kwenye friji nyingi za Manzese. Hiyo "ya baridi" aliishika kwa leso. Meza ya jirani walikuwa wanakunywa za moto wakiwa wamevaa makoti, wakamtazama kwa huruma.

Kitimoto cha huko lakini kinastahili safari, na mwandishi halisemi hili kwa kubahatisha. Mchomaji anakata nyama juu ya gogo, anaipima kwenye mizani mbele yako, anauliza kavu au rosti, kisha anaitupa kwenye karai ijikaange kwa mafuta yake yenyewe. Dakika za mwisho anamwagia vitunguu na hoho. Inakuja kwenye sinia la bati na ndizi za kukaanga, kachumbari, vipande vya limau, na kilima kidogo cha chumvi kilichochanganywa na pilipili ya kusaga. Unanawishwa kwa jagi la maji ya uvuguvugu. Hapo hakuna uma, na ukiomba uma utapewa, ila utaletwa na mtu wa tatu kutoka jikoni aliyekuja kuona ni nani aliyeomba.

Mhasibu alikula nusu kilo, akaita bili, akalipa, akaacha chenji, akasimama. Hajafika mlangoni akashikwa bega.

"Kaka, na ya nyama?"

"Si nimelipa?"

"Umelipa bia. Jiko ni la kwangu."

Ndivyo baa nyingi nchini zinavyoendeshwa: kaunta ina mwenyewe, jiko limekodishwa kwa mwingine. Akalipa nyama. Alipofika nje, dada mmoja mwenye aproni alikuwa anamsubiri kwa upole kabisa kwenye ngazi. Ndizi zilikuwa zake. Bili tatu kwa mlo mmoja, na kati ya hizo tatu ni kaunta tu iliyokuwa na mashine ya risiti. Mchomaji aliandika "nyama nusu" kwenye kipande cha boksi la sigara na kukitia sahihi. Dada wa ndizi alicheka, akasema yeye humkumbuka kila mteja wake, kwa hiyo ofisi ikitaka kuhakikisha wampigie.

Jumapili ilikuwa ya vivutio. Stesheni ya TAZARA iko hapo mjini, kwenye reli ya kilometa 1,860 iliyojengwa na Wachina, Watanzania na Wazambia kati ya 1970 na 1975, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Ni jambo kubwa la kihistoria na mtu anayependa reli atasisimka. Tatizo ni kwamba treni ya abiria si ya kila siku, na ile siku haikuwa yake. Mhasibu alizitazama reli, reli nazo zikatulia.

Akapanda Hiace kurudi upande wa Mbeya, aende kuona kimondo cha Mbozi. Njiani, Vwawa, akashuka kutafuta kahawa. Mbozi inalima arabika, mibuni unaiona kutoka dirishani, magunia yanapita. Akaagiza kahawa kwa sauti ya mtu aliyefika chimbuko. Ikaletwa chupa ya maji ya moto, kikombe, kijiko na kopo la kahawa ya unga. Akalizungusha kopo asome: imetengenezwa Bukoba. Kahawa ya jirani imeshapanda meli kwenda kunywewa na Wajapani na Wajerumani, na hii imeivuka nchi nzima kutoka Kagera kuja kumkuta mgeni katikati ya mashamba ya mibuni. Hapo mwandishi anaona kuna mtu angeweza kufungua kibanda kimoja tu chenye kinu na birika na kuwa tajiri, ila hajajitokeza.

Kutoka barabara kuu hadi kimondo alikwenda kwa bodaboda, na vumbi lilimfanya mwekundu hadi kope. Kimondo kinalipa lakini. Ni chuma kitupu chenye nikeli ndani yake, urefu wake kama meta tatu, uzito unakadiriwa tani 16, kimelala penye mteremko wa kilima cha Marengi kama kiboko aliyechoka. Wanyiha walikijua siku zote. Wazungu walikiandika mwaka 1930, baada ya mpima ardhi W. H. Nott kukifikia, na mwishoni mwa mwaka huohuo mtaalamu wa miamba, Grantham, akaja na msumeno wa chuma kukata kipande cha kupima. Ilimchukua saa kumi kupitisha msumeno kwenye sehemu yenye upana wa sentimeta kumi tu. Mhasibu alisimama pale akaugusa ule mkato, akampigia Grantham hesabu ya posho ya saa za ziada.

Siku iliyofuata akavuka kwenda Nakonde kula chakula cha mchana. Saa saba kasoro kumi alinunua soda na maji dukani upande wa Tunduma, mashine ikatoa risiti safi, akaikunja kifuani. Kisha akamtafuta afisa uhamiaji wa Tanzania amgongee muhuri wa kutoka. Hakumpata Tanzania. Tangu Marais Magufuli na Lungu walipozindua kituo cha huduma kwa pamoja Oktoba 5, 2019, anayetoka anamalizia taratibu za nchi zote mbili upande wa anakokwenda. Kwa hiyo unaingia Zambia kwanza, halafu ndipo Tanzania inakuruhusu kutoka. Alilielewa hilo alipolielezwa na askari kwa mara ya pili.

Kijana wa chenji alimpa kwacha kwa haraka ambayo mtu wa hesabu angepaswa kuitilia shaka. Katikati ya bunda kulikuwa na noti ya kwacha 50,000. Kwacha moja wakati huo ilikwenda kwa karibu shilingi mia. Mhasibu alipiga hesabu kichwani, akatazama nyuma kama anafuatwa, akaongeza mwendo.

Mgahawani akaagiza chakula cha kienyeji cha Zambia kabisa, nshima na kapenta. Kikaja. Kilikuwa ugali na dagaa wa Ziwa Tanganyika. Alikuwa amegongewa mihuri ya nchi mbili ili ale alichokula juzi kwa mama lishe wa Majengo, tofauti ikiwa nyanya zilizozidi kidogo. Mpaka huo uligawanywa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890, na Wanamwanga, ambao wako pande zote mbili, hawakuulizwa habari ya mboga.

Akalipa kwa ile noti kubwa. Dada wa mgahawa aliigeuza mara moja tu.

"Kaka, hii ni ya zamani," akasema kwa Kiswahili cha Tunduma, kwani alikozaliwa ndiko huko. "Tulikata sifuri tatu Januari 2013. Hii haipokelewi tena hata benki. Ila ni nzuri, kamwekee mtoto kwenye albamu."

Akatoa nyingine, akapewa risiti, akarudi zake.

Dar, fomu ya kurejesha masurufu ilikaa kwa mkaguzi wa ndani wiki nzima. Kipande cha boksi la sigara kilipita bila maneno. Kilichozungushiwa kalamu nyekundu ni risiti mbili za tarehe moja: soda na maji, Tunduma, 12:50; chakula cha mchana, Nakonde, 12:35. Pembeni mkaguzi aliandika, "Fafanua ulivyokula Zambia kabla hujaondoka Tanzania." Mhasibu akajibu kwa maelezo ya kurasa mbili na kuambatisha ramani ya majira ya dunia, ya rangi, aliyoichapisha stesheneri ya mtaani. Fomu ikarudi kwake Ijumaa ikiwa na swali moja jipya: risiti ya kuchapisha ramani iko wapi.