Mwongozo kwa Mshika Paswedi wa Nyumba ya Kupanga

Hongera. Vyumba saba vimechangishana, ruta imefungwa sebuleni kwako, na paswedi unaijua wewe. Una megabiti 10 kwa sekunde za kushusha na 1 ya kupandisha, nazo wote wanazitaka saa mbili usiku, chakula kikishaliwa. Saa tisa usiku hazina mwenyewe, na wala hukingi kasi ya saa tisa kwenye ndoo ukaiweka mpaka jioni. Kwa hiyo lazima ugomvi uwepo, na mgawaji ni wewe.

Mgawaji stadi hagawi. Waache wajitwalie. TCP, utaratibu unaosafirisha sehemu kubwa ya data duniani, una adabu zake: huongeza mwendo kidogo kidogo, pakiti, yaani kifurushi cha data, ikipotea hupunguza ghafla. Ila adabu hiyo huhesabu miunganisho, haihesabu watu. Kijana wa chumba cha nyuma anapakua tamthilia kwa programu iliyofungua miunganisho 20, basi anakula mafungu 20. Mama wa chumba cha nne anangoja ujumbe mmoja wa shule ya mtoto. Fungu lake moja. Akilalamika, mwambie hapa wote sawa. Kwani bombani aliyekuja na ndoo 20 si alipanga foleni kama wenzake?

Mhandisi John Nagle alipendekeza mwaka 1985 kila mtumaji awe na foleni yake, ruta izunguke ikichota pakiti moja kwa huyu, moja kwa yule. Usimsikilize. Mlafi akiwa na foleni yake atajichelewesha mwenyewe, na wewe nani atakugongea mlango?

Wakikwambia pakiti zinapotea, nunua ruta yenye ghala kubwa la kusubirishia. Hapa ndipo penye utamu. Ghala la megabaiti 1 lililojaa, mlango wake ukitoa megabiti 1 kwa sekunde, humsubirisha kila anayeingia sekunde 8. Jumapili jioni simu ya mtu inapandisha picha 200 za harusi, bila hata yeye kujua. Uani, bibi wa chumba cha tano amekaa kwenye kibao cha mbuzi, simu kaiegemeza kwenye sufuria, anampigia binti yake Muscat. Binti anaonekana vizuri, anacheka. Bibi anasema, “Haloo, mwanangu, umekula?” Salamu inaingia ghalani nyuma ya bwana harusi, nyuma ya keki, nyuma ya mashangazi wote waliovaa sare. Binti anasema, “Mama, sikusikii,” anakata. Hakuna pakiti iliyopotea, hivyo wewe huna kosa.

(Nagle huyohuyo alionyesha kwamba hata ruta yenye kumbukumbu isiyo na ukomo inaweza kuzidiwa, pakiti zikazeeka foleni mpaka muda wake wa kuishi ukaisha. Mtu mwenye gubu kweli.)

Mtandao ukizidi kuwa mzito, waagize wote wabonyeze tena, kwa pamoja. Jambo hili lina historia tukufu. Oktoba 1986, kati ya Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California palepale Berkeley, umbali wa yadi 400, mwendo wa kumtuma mtoto dukani, kasi ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Kompyuta zilichoka kungoja zikatuma upya pakiti ambazo hazijapotea, zipo foleni tu, na foleni ikarefuka. Biti 40 ni herufi tano: sekunde nzima unaandika “Fatma”, na hujamwambia njoo. Van Jacobson akachapisha dawa mwaka 1988, kwamba ukiona msongamano, punguza kwanza wewe. Unawajua wapangaji wako. Nani ataanza?

Usisahau pia kuiweka simu yako daraja la kwanza, la pili lisihudumiwe hadi la kwanza litosheke. Wataalamu wanaonya kwamba wa chini watakufa njaa, eti aliyengoja sana apandishwe daraja. Wapandishe wanaokuletea futari.

Hatari iliyobaki ni binti wa chumba cha pili, anayesoma chuo. Juzi kaiinamia ruta yako, kasoma kilichoandikwa chini yake, kauliza kama ina FQ-CoDel. Hiyo ni programu ya wazi, haiuzwi. Hutenga foleni za miunganisho, pakiti za simu ya bibi zikapita bila kungojea keki, na ghala halipewi nafasi ya kuvimba. Kwenye baadhi ya ruta ni kuweka tiki tu.

“Naomba paswedi ya mipangilio, mjomba, nirekebishe kidogo.”

Mwambie umeisahau. Kisha, akishageuka, kaibadilishe haraka, maana bado ni admin, na jina la mtumiaji nalo ni admin.