Vistari Vitatu na Mama Mkwe

Laptopu za zamani, zile nyeusi nzito zilizostaafishwa kwenye ofisi za Ulaya zikaletwa kwetu kwa kontena, zina kitu ambacho hizi nyembamba za sasa zimenyimwa: tundu la ubavuni. Unabana kilimi, unavuta, na kifaa cha DVD kinatoka kizima. Mahali pake unaingiza diski ya pili, na kwenye baadhi ya mashine hata betri ya ziada. IBM, ambao ThinkPad yao ya kwanza ilitoka mwaka 1992, walikuja kuliita tundu hilo UltraBay. Watengenezaji wengine nao wakawa na la kwao kwa jina lao. Ahadi ni ileile: chomoa hiki, chomeka kile, mashine ikiwa inawaka.

Kwa upande wa chuma, ahadi hiyo ni ya kweli. Plagi ya umeme ya SATA, ukiitazama kwa karibu, ina meno yasiyolingana. Ya ardhi yametangulia kidogo ili yaguse kabla ya mengine, na yalichongwa hivyo makusudi kwa ajili ya mtu atakayechomeka bila kuzima. Yaani kuna mhandisi alikaa mezani akanifikiria mimi. Ningemjua jina ningemwombea dua.

Shida ni kwamba chuma kikishakukubali, unabaki wewe na Linux.

Nianze na Kariakoo kwanza, maana ndiko nilikonunua kile kibebeo cha bati kinachoshika diski na kuifanya ienee kwenye tundu la DVD. Wauzaji wanakiita kedi. Matundu haya yana unene wa aina mbili, milimita 12.7 na milimita 9.5, na hilo nililijua kabla sijatoka nyumbani. Nikamuuliza kijana wa dukani, hii ni ya ngapi? "Inaingia zote, bosi." Hakusema uongo. Ya 9.5 inaingia kwenye tundu la 12.7 bila taabu, inaingia na kuchezacheza humo ndani, na ukitembea na begi mgongoni watu wanakusikia kabla hawajakuona. Boksi la dawa ya meno, likikunjwa vizuri, linaziba pengo hilo barabara. Sijaona mwongozo wowote wa mashine unaolitaja, na nadhani ungepaswa.

Sasa, Linux. Diski ikiingia, kerneli inaipa jina kwa kufuata nani ameonekana kwanza: sda, sdb, sdc. Leo diski yangu ni sdb. Kesho flashi ikitangulia kuchomekwa, flashi ndiyo sdb, na diski imeshushwa cheo. Kwa hiyo wenye kujua huiandika kwenye faili la fstab kwa UUID, ule utambulisho mrefu wa herufi na tarakimu ambao haubadiliki hata diski ikihama tundu. Nikaandika. Basi mashine ikawa inaijua diski kwa jina lake kamili, na isipoiona inaisubiri. Diski ikibaki nyumbani, unawasha laptopu ofisini mbele ya watu, nayo inasimama dakika moja na nusu ikiitazamia, vinyota vyekundu vikitembea kushoto na kulia, kisha inatangaza hali ya dharura na kudai nywila ya mtumiaji mkuu. Dharura! Kwa ajili ya diski ya video za harusi. Dawa yake ni neno moja tu, nofail, kwenye mstari uleule wa fstab, na wangeliweka mwanzoni tungeheshimiana zaidi.

Kutoka nako kuna utaratibu. Kwanza unapachua mfumo wa mafaili, halafu unaandika tarakimu 1 kwenye faili liitwalo delete, lililo chini ya /sys/block/sdb/device. Unaisikia diski ikipunguza mzunguko hadi inanyamaza, ndipo unavuta kilimi. Mwanangu aliye darasa la tatu anavuta tu. Aliivuta folda ikiwa wazi kwenye kioo, na majina ya video yakabaki palepale yote, yamejipanga, ila kila ukibonyeza moja hakuna kinachocheza, huku kerneli ikijaza kumbukumbu zake kwa malalamiko ya I/O mstari juu ya mstari. "Baba," akaniambia diski ikiwa mkononi mwake, "mbona bado zipo?"

Mpwa wangu, anayesomea kompyuta chuoni, hataki nilalamike. Anasema watu wa zamani walitumia amri ya hdparm kulifuta na kulisajili upya lango zima la IDE, amri ambayo mwongozo wake wenyewe ulionya kwamba ni ya hatari, na kwamba ni mwaka 2006, kwenye kerneli 2.6.18, ndipo sehemu yake iitwayo libata ilipofundishwa kutambua diski zinazoingia na kutoka. "Mjomba, wewe umekuja wakati mzuri." Ni huyuhuyu aliyenisakinishia programu ya kuokoa betri, bure, bila kuombwa.

Basi mama mkwe akaja kutoka Tanga. Alikuwa hajaiona video ya send-off ya binti yake mdogo, na alikuwa ameahidiwa. Televisheni ilikuwa tayari, watoto wameoga, chai imemiminwa, umeme ukakatika. Hakuna aliyeshtuka. Mke wangu aliwasha taa ya chaji akasema, "Si kuna laptopu ya baba yao? Ina betri." Nikachomoa DVD, nikachomeka diski. Kilimi kikalia ta! Kwenye kioo hakikutokea kitu.

Mchana wake nilikuwa nimeijaribu ikaonekana yenyewe, kabla hata sijaondoa mkono. Sasa naandika lsblk, naonyeshwa diski ya ndani peke yake. Nikachomoa, nikachomeka tena. Nikalibana boksi la dawa ya meno. Watoto wakasogea karibu, maana baba akianza kuandika kwenye dirisha jeusi huwa kuna jambo.

"Imekufa, baba?" mama mkwe akauliza.

"Hapana, mama. Haionekani tu."

"Si hiyo hapo umeishika?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo naona hoja ni yake. Nikampigia mpwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Diski haionekani."

"Uko kwenye umeme au kwenye betri?"

Mtu akikuuliza swali hilo kabla hujamaliza kueleza, ujue jibu analo tangu zamani. Ile programu yake, mashine ikiwa kwenye umeme wa ukutani, huziacha laini za SATA zikiwa macho. Umeme ukikatika inazilaza ili betri idumu, na laini iliyolala haitoi taarifa kwamba kuna kitu kimechomekwa. Ni kama mlinzi aliyezima tochi ili asimalize betri, halafu unamlaumu kwa nini hakumwona aliyeingia getini. Kwa hiyo diski yangu ilikuwa mbovu kwa masharti: umeme ukiwepo, wakati televisheni inafanya kazi na siihitaji laptopu, inaonekana mara moja. Umeme ukikatika, wakati laptopu ndiyo tegemeo pekee la ukoo mzima, haionekani.

"Itabidi uiambie mwenyewe ikaangalie," mpwa akasema. "Andika echo, halafu vistari vitatu ndani ya alama za kunukuu. Uviachanishe."

"Vistari vitatu tu?"

"Ndiyo. Vina maana ya njia yoyote, kifaa chochote, kizio chochote. Halafu alama ya mshale, halafu /sys/class/scsi_host/host1/scan."

"Diski yangu si ya SCSI."

"Linux inazipitisha zote huko, mjomba. Andika."

Nikaandika, na sudo mbele ili amri iwe na mamlaka. Ikajibu kwamba sina ruhusa.

"Nimekataliwa."

"Umeweka sudo?"

"Nimeiweka."

"Basi sudo imeishia kwenye echo, haijavuka mshale. Anayefungua lile faili ni wewe wa kawaida. Tumia tee."

Nimetumia Linux kwa miaka, na hapa ndipo huwa natamani kukutana na walioipanga. Mamlaka unayo, umetoa na nywila, amri umeiandika herufi kwa herufi, na bado ukifika kwenye mshale unavuliwa cheo. Mama mkwe alikuwa amejiinamisha kwenye kioo, miwani puani.

"Hiyo barua unamwandikia nani, baba?"

"Kerneli, mama. Namwomba aitafute diski."

"Kanali?" Akajiweka sawa kwenye kochi na kushusha sauti. "Na mbona hujaanza na salamu? Wanajeshi hawapendi kuamrishwa."

Upande wa pili wa simu mpwa alikuwa ameanza kukohoa kicheko. Nikaandika upya, vistari vyote vitatu, mfereji, sudo, tee, anwani. Hakuna kilichotokea. Mashine ina host kadhaa, kuanzia 0, na host1 haikuwa yenyewe. Nikajaribu host2. Diski ikanguruma ndani ya tundu, mzunguko ukapanda, lsblk ikaleta sdb, na kwa sababu ya UUID kwenye fstab, amri moja fupi ya kupachika ikatosha. Mama mkwe akasema, "Kanali ana roho nzuri."

Video ikacheza. Taa za ukumbi, MC anayepiga kelele kuliko spika, mashangazi wanaingia na keki kwa mwendo wa kucheza. Mama mkwe alipojiona mwenyewe na kitenge cha sare akaomba irudishwe nyuma, ikarudishwa, akaomba tena. Mke wangu alikuwa anaangalia asilimia ya betri na mimi pia, bila kuambiana. Ikaisha salama, na hapo ndipo bibi alipopangusa miwani na kunipa kazi yenyewe.

"Nitolee kwenye DVD niondoke nayo. Majirani Tanga wote wana deki, hawana hizi flashi zenu."

Nikaitazama laptopu. Video iko kwenye diski, na diski iko ndani ya tundu. Kifaa cha kuchomea DVD kiko mezani karibu na birika, na tundu la kukiweka ni lilelile. Diski ya ndani, ambayo ningeweza kunakilia video kwanza, ilikuwa imebakiza nafasi ndogo kuliko video yenyewe, kwa sababu humo ndimo mpwa alimojaza masomo yake "kwa muda tu, mjomba". Nikamweleza mama, polepole, kwamba hiki kikiingia, kile lazima kitoke.

Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akaigeuza laptopu kwa mikono yake miwili, akaukagua ubavu wa kulia, akaukagua wa kushoto, akaigonga na kidole mahali palipokuwa bati tupu.

"Na huku je," akauliza, "kanali hawezi kukutoboa jingine?"