Jinsi ya Kula Viporo vya Kiwandani na Kubaki na Afya Njema

Mwongozo huu ni wako wewe uliyeko ughaibuni, Columbus, Houston, Minneapolis au kokote Marekani ambako ghala la mizigo halilali na wewe umo ndani yake. Unatoka shifti saa mbili asubuhi, miguu imevimba, nje theluji. Mtu wa aina yako hasongi ugali saa hizo. Anafungua friza, anatoa boksi, anatoboa plastiki kwa uma, anabonyeza kitufe na kusimama akitazama chakula kinavyozunguka. Kwa kuwa hilo halitabadilika leo wala kesho, tujifunze kulifanya kwa namna ambayo daktari ataridhika na mama hatagundua.

Tuanze na mama, maana daktari unamwona mara moja kwa mwaka. Atakapopiga simu ya video na kuuliza, "Umekula nini, mwanangu?", mjibu kweli tupu: kuku, wali, njegere na karoti. Vyote vimo, vimeandikwa ubavuni mwa boksi. Shida ni swali la pili, "Nani kapika?" Hapo ndipo mtandao unapotakiwa kukatika.

Haya, twende dukani. Ukifika kwenye safu ya mafriza, chagua boksi kwa rangi. Kijani ni afya. Jani lililochorwa pembeni ni afya zaidi. Jina likidokeza wembamba au busara, tia kwenye toroli bila kuuliza. Majina hayo yana ukoo wake. Lean Cuisine ilizaliwa 1981, Wamarekani wakihesabu kalori kwa bidii zote. Healthy Choice chanzo chake ni Mike Harper, mkuu wa kampuni ya ConAgra, aliyepata mshtuko wa moyo mwaka 1985, akataka kampuni yake itengeneze milo ambayo mtu kama yeye angeruhusiwa kuila. Ikaingia sokoni 1989. Moyo wa bosi ulipogoma, kiwanda kikakumbuka habari ya chumvi.

Ukishachagua, kuna jambo moja usilifanye kabisa: usigeuze boksi. Mbele kuna picha, nyuma kuna hesabu, na hesabu huharibu hamu ya kula. Nyuma utakutana na sodiamu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 2 za sodiamu kwa siku, sawa na gramu 5 za chumvi, kijiko kimoja tu cha chai. Kwa miaka mingi mlo wa boksi uliotaka kujitangaza kuwa wa afya huko Marekani haukuruhusiwa kuzidi miligramu 600 za sodiamu. Mia sita si mbaya. Boksi la jirani yake, lile la kuku wa kukaanga na viazi vya kuponda ambalo halijawahi kujisingizia afya, laweza kupita 1,000 peke yake. Lakini hata lile la mia sita lina mtego. Mara nyingi lina kalori 250 au 300, kiasi cha kumtosha mtu aliyekaa ofisini akisubiri chakula cha jioni. Wewe umenyanyua mizigo usiku kucha. Utalimaliza, utaitazama sakafu ya trei, kisha utanyanyuka kwenda kuleta la pili. Mia sita imekuwa elfu moja na mia mbili, na saa nne asubuhi haijagonga.

Kuna pia lile boksi kubwa la lasanya. Nyuma limeandikwa kuwa linatosha watu watano, na namba zote zilizoorodheshwa ni za mmoja wao. Ukikaa nalo peke yako mbele ya mpira, hao watano ni wewe.

Ukishindwa kujizuia ukaligeuza, tazama safu ya asilimia na uachane na mengine. Mamlaka ya chakula na dawa ya huko inafundisha hivi: asilimia 5 kushuka chini ni kidogo, 20 kwenda juu ni nyingi. Kwenye sodiamu unaomba ndogo, kwenye nyuzinyuzi unaomba kubwa. Hiyo yatosha kukutoa dukani.

Hapa mpishi wa nyumbani ananitazama kwa dharau, mwiko mkononi. Nami namwomba ageuze sufuria lake tusome nyuma. Hakuna jedwali. Mafuta yamepimwa kwa kuinamisha chupa mpaka moyo uridhike. Vitunguu vimeungulia humo, nyama ikafuata, vikaja vipande viwili vya kiungo cha mchuzi vilivyofungwa kwenye karatasi, ambavyo kwa sehemu kubwa ni chumvi, halafu chumvi yenyewe, ili kukoleza. Mafuta yakielea juu, walaji wanasifu kwamba huyu anajua kupika. Wali umepandishwa mlima. Mchicha upo, kijiko kimoja, kwa ajili ya kupendezesha sahani. Chakula hiki kimepikwa nyumbani, kwa mapenzi yote, na sitashangaa kikimshinda chumvi yule kuku wa boksi. Faida ya jiko la nyumbani ni moja, nayo ni kubwa: chupa ya mafuta iko mkononi mwako, na unaweza kuinyanyua mapema. Kiwandani chupa imeshikwa na mtu mwingine. Basi anayejisifia kupika nyumbani aulizwe kwanza huwa anainyanyua lini.

Na baridi tusiisingizie. Clarence Birdseye, Mmarekani aliyekwenda Labrador, mashariki ya mbali ya Kanada, mwaka 1912, aliwatazama Wainuiti wakivua samaki katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Samaki aliganda hapohapo hewani, na alipoyeyushwa baada ya miezi bado alikuwa mtamu. Siri ilikuwa kasi. Maji yakiganda taratibu hujenga chembe kubwa za barafu zinazoichana nyama, yakiganda upesi chembe hubaki ndogo. Machi 1930 vyakula vya Birdseye vikaanza kuuzwa Springfield, Massachusetts, na mpaka leo njegere zilizogandishwa hazijamkosea mtu. Zinavunwa, zinachovywa kidogo kwenye maji ya moto, zinagandishwa muda si mrefu. Ile spinachi unayoiita freshi, iliyopangwa kwa madaha katika duka la Minneapolis mwezi Januari, imekaa njiani siku kadhaa kwenye lori kutoka upande wa California, ikiacha vitamini C yake kila kituo. Kwa hiyo ule mfuko wa mboga tupu zilizogandishwa, usio na mchuzi, usio na picha ya sahani, na wenye bei ya aibu, upite bila kuusalimu. Ukiununua mwongozo huu utakosa kazi.

Balaa lilianza friza lilipoajiri mpishi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Swanson ya Omaha, Nebraska, ilipanga bata mzinga, njegere na viazi vitamu kwenye trei ya alumini na kuuza kwa senti 98, kila chakula chumbani kwake, hakuna kuchanganyikana. Inasimuliwa kwamba yote yalitokana na shehena ya bata mzinga waliokosa wateja, wakizungushwa kwenye mabehewa ya baridi. Wapo wanaoibishia hadithi hiyo. Mimi naipenda, kwa sababu inafanana na asili ya mapishi mengi mazuri ya kwetu: kitu kimebaki, wageni hawakuja, fanya ujuavyo. Mlo ule ulihitaji dakika 25 za oveni. Siku hizi maikrowevu inataka tano, na bado tunaona zimezidi.

Kuhusu maikrowevu nitasema machache. Boksi linataka ukoroge katikati ya safari, kisha ukimaliza usubiri dakika mbili. Maana yake ni kwamba kingo zinachemka huku katikati kuna barafu, na joto linahitaji muda wa kutembea. Kuku anatakiwa afike nyuzi 74 mpaka moyoni. Zile dakika mbili ziliwekwa kwa ajili ya watu wenye subira, na wenye subira wako jikoni wanachemsha maharage.

Kasi ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko baridi. Mwaka 2019 mtafiti Kevin Hall na wenzake wa taasisi za taifa za afya za Marekani walichapisha utafiti wa watu 20 waliolazwa wiki nne ili walishwe. Wiki mbili walipewa vyakula vya kiwandani vilivyochakatwa kupita kiasi, wiki mbili vyakula vya kawaida. Kilichotengwa mezani kililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta, sodiamu na nyuzinyuzi, na kila mtu akaambiwa ale atakavyo. Kwenye zamu ya kiwandani walikula takriban kalori 500 zaidi kila siku, tena kwa haraka zaidi, na wakaongezeka karibu kilo moja. Nikisoma hayo namfikiria samaki changu wa kupaka. Yule ana miiba. Hakuna aliyewahi kummaliza kwa dakika nne akabaki na koo zima. Samaki wa boksi ni mraba, hana kichwa, hana mwiba, na hana sababu yoyote ya kukuchelewesha. Jiwekee miiba yako: keti, weka simu mbali, kula na mtu wa kuongea naye. Ukikosa mtu, mpigie yeyote isipokuwa mama.

Sasa onyo. Kuna kundi la watu wanaolihujumu friza kwa kulitumia kama akina mama wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi. Siku ya mapumziko wanaamka na kilo mbili za maharage yaliyolowekwa tangu jana, wanamwaga maji yale, wanayachemsha kwa nguvu nusu saa nzima kabla ya kupunguza moto, hasa yale mekundu, ambayo yakiiva nusunusu hulichafua tumbo vibaya. Yakilainika wanayagawa bila chumvi wala mafuta kwenye makopo, sahani moja moja. Vitunguu saumu na tangawizi vinasagwa na kugandishwa kwenye trei za barafu. Sambusa zinafungwa mamia kabla ya Ramadhani. Chapati zinatenganishwa kwa karatasi. Katikati ya wiki mtu huyo anatoka kazini amechoka kama wewe, anatoa kopo, kipande cha tangawizi, nyanya moja, na baada ya dakika kumi na tano anakula maharage ambayo chumvi yake ameitia mwenyewe. Ni kiporo kilichogandishwa, kimetoka kwenye boksi la plastiki, kimepitia friza, na hakuna daktari wa kumlaumu. Watu wa namna hii wanatuharibia hoja pande zote mbili.

Ukilazimika kuishi nao, wajue udhaifu wao. Hawaandiki tarehe. Kila kopo la aiskrimu nyumbani kwao lina nyama ya ng'ombe, na mtoto wa nyumba ile hukua bila kumwamini mtu. Wale wa Dar wana hofu ya ziada, uniti za umeme wa LUKU zikiisha usiku wa manane. Hata hapo wana jibu: friza lililojaa, mlango usipofunguliwa, hushika baridi yake kama saa 48, likiwa nusu, saa 24. Tatizo ni wale wanaofungua kila nusu saa kuangalia kama bado baridi ipo.

Limebaki suala la mgeni. Mlo wa boksi umepimwa kwa mtu mmoja, na mtu wa kwetu habishi hodi akiwa ameshakula. Ukisikia mlango, toa trei mbili, zimwage kwenye sinia moja, maboksi yafiche chini kabisa ya pipa, kisha katia kachumbari juu, yenye ndimu na pilipili nyingi. Karibisha kwa sauti kubwa. Akiuliza umepikaje, mwambie ni mapishi ya upande wa baba. Akisema chumvi imezidi kidogo, msogezee maji.