Mwacheni Aliyenyamaza

Jamani, hebu tuache. Mtu akikaa pale motari wa mji wa Baraka wanapoegesha pikipiki zao, akanywa chai yake, akawasikiliza wenzake mpaka jua linazama nyuma ya milima bila kutia neno, kuna ubaya gani? Lakini hamkawii. Wa kwanza atauliza, "Weye, uko na shida gani?" Wa pili: "Kiburi tu. Tangu atoke kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu hataki tena kutusemesha." Wa tatu atashusha sauti, na huyo ndiye anayenitisha. Kwetu Fizi, mashariki mwa Kongo, ambako vita vimepita mlango kwa mlango, mtu akishaitwa mpelelezi au mlozi kwa sababu ya ukimya wake, jina hilo haliishii kijiweni. Linamfuata hadi kwake.

Nasema kwa uchungu kwa kuwa mimi ni wa kundi hilo. Kusema kunanichosha. Watu nawapenda, na sina siri niliyoificha. Ila ukitoka ufukweni kwenda sokoni kila mtu ana haki ya salamu kamili: mama, watoto, shamba, ndagala zimepatikana? Namjibu kila mmoja kwa moyo, na nikifika nyumbani nimechoka kama aliyevuta nyavu usiku kucha. Nikikaa kimya kidogo, nguvu zinarudi. Basi.

Na mnasahau tuliwahi kumpokea mgeni wa namna hiyo. Aprili 1965 mwanamapinduzi Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma akashukia Kibamba kuwasaidia waasi, akajiita Tatu. Miezi saba alikaa katika milima yetu. Kiswahili alifundishwa na kijana mdogo aliyekuwa mkalimani wake, maana yake mambo mengi ilimbidi ayapitishe kwenye kinywa cha mtu mwingine. Fikirieni uchovu huo! Laurent Kabila, aliyekuwa kiongozi wa waasi wa eneo hilo, alifika Julai, akaongea na watu, wakamfurahia kwelikweli, na baada ya siku chache akarudi ng'ambo. Che, yule wa vitabu, akabaki.

Maana alikuwa wa vitabu. Mwenyewe aliandika kwamba udhaifu wake ulikuwa tumbaku na kusoma, kwamba kusoma kulimweka mbali na wapiganaji, na kwamba hata tabia yake haikuwa ya kuzoeana na watu upesi. Alijilaumu kwa hilo.

Hapo simkubali, samahani. Someni yale aliyoyaeleza yeye mwenyewe: wakubwa walikuwa Kigoma na Dar es Salaam huku vijana wakiachwa milimani, wapiganaji walitegemea dawa ya mganga iwazuilie risasi, silaha zilitupwa njiani. Septemba ilipokuwa inaisha, askari wa serikali na mamluki wa Mike Hoare walishuka hapa Baraka kwa ziwa. Je, kitabu ndicho kilichowafungulia njia? Mtu anayesoma peke yake jioni ili kesho aweze tena kukaa na watu, hajawakimbia.

Na kusikiliza kimya si jambo geni kwetu: wazee wetu Wababembe walikuwa na lubunga, baraza la wanaume. Wanaume walikaa, shauri likaletwa, mmoja akasema na wengine wakasikiliza hadi amalize. Bila wasikilizaji lile shauri lingeamuliwa na nani? Siku hizi kila mtu anakata neno la mwenzake, simu inapiga muziki, na anayesikiliza ndiye anayeulizwa kama anaumwa!

Mimi naomba jambo dogo tu. Mtoto wenu akiwa mkimya, msimsukume mbele ya wageni kwa nguvu eti achangamke. Msimpeleke kwenye maombezi kufukuziwa pepo ambalo halipo. Muulizeni mara moja kama yuko salama. Akisema ndiyo, mwaminini, muendelee na gumzo lenu, yeye akiwa hapohapo katikati yenu.